Barua ya wazi: Mkataba wa kukabidhiana watuhumiwa na Msumbiji uletwe Bungeni, na maoni yaanzie Kitaya

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, Dodoma

Nakala: Waheshimiwa wabunge wa majimbo ya mkoa wa Mtwara

YAH: MAKABIDHIANO YA WATUHUMIWA KATI YA TANZANIA NA MSUMBIJI

Mheshimiwa Waziri,



Oktoba 14, 2020, msimu wa korosho ukiwa ndio unaanza, watu wenye silaha walivuka Mto Ruvuma kutoka mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, wakaingia kijiji cha Kitaya. Waliua, wakachoma nyumba, wakapora, kisha wakarudi walikotoka. Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati huo, IGP Simon Sirro, alisema washambuliaji walikuwa kama 300. Mwezi uliofuata alikutana na mwenzake wa Msumbiji, Bernardino Rafael, hapa Mtwara, wakatia saini makubaliano ya kupambana na ugaidi kwa pamoja. Vyombo vya habari vilimnukuu Rafael akisema kwamba kutokana na makubaliano hayo, Tanzania itaikabidhi Msumbiji watu 516.

Mia tano na kumi na sita ni watu wengi. Wangetoka kijiji kimoja cha kando ya mto, tungesema kijiji kizima kimehama. Kwa hiyo ninakuandikia kuomba jambo moja, ambalo nitalieleza kwa kirefu: utaratibu wa kukabidhiana watuhumiwa na majirani zetu wa Msumbiji utoke kwenye makubaliano ya polisi kwa polisi, uwekwe kwenye mkataba kamili unaojadiliwa na Bunge, unaosomeka kwa mwananchi, na unaopita mahakamani kila mtu anapokabidhiwa.

Nianze kwa kuondoa wasiwasi. Sisi wa ukanda huu hatuna huruma na waliochinja watu Kitaya. Mwaka mmoja kabla, Juni 2019, wakulima wenzetu waliokuwa wakilima mpunga ng'ambo ya mto waliuawa huko huko mashambani. Hatuna ugomvi na Msumbiji pia. FRELIMO, chama chao cha ukombozi, ilizaliwa Dar es Salaam Juni 1962, wapiganaji wake wakafunzwa Nachingwea, na mizinga ya Mreno ilivifikia vijiji vya upande wetu. Anayetaka kujua urafiki huu umegharimu nini aende Naliendele, kilomita chache kutoka mjini Mtwara, akasome majina ya askari wetu waliozikwa pale baada ya kufia Msumbiji. Tangu 2021 vijana wengine wa JWTZ wamekuwa wilayani Nangade, ng'ambo tu ya mto, wakilinda vijiji visivyo vya kwao. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na sisi tumefaana na Msumbiji kwa dhiki zaidi ya mara moja.

Hofu yangu inatoka kwenye urafiki huo huo. Adui akikuomba mtu, unamuuliza maswali yote: amefanya nini, ushahidi uko wapi, atashtakiwa mahakama gani, atarudi lini. Rafiki akikuomba, unaona haya kuuliza. Mtu anapandishwa gari alfajiri, anavushwa mpaka, na familia yake inapata habari baada ya wiki kadhaa. Kwa maana hiyo mikataba ya nchi rafiki ndiyo inayohitaji masharti makali kuliko yote.

Na hapa kwetu, Mheshimiwa, kujua nani ni nani si kazi rahisi. Mdomo wa Ruvuma una Wamakonde pande zote mbili, wanaozikana na kuoana. Kionga, upande wa pili wa mlango wa mto, ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi Mjerumani alipoichukua mwaka 1894. Mreno akaiteka Aprili 1916, na Mkataba wa Versailles ukampa rasmi. Mzee wa Kionga aliyeishi miaka hiyo alibadilishiwa bendera mara mbili bila kuhama nyumba yake. Wajukuu zake leo wako Msimbati, Kilambo, Mahurunga na Tangazo, na wengine wako Palma, ng'ambo. Nenda Kilambo maji yakijaa utawaona wakivuka: mama ana kilo za dagaa, kijana ana gunia la mpunga, mzee anakwenda msibani. Wengine wana karatasi ya mtendaji wa kijiji, wengine hawana chochote. Simu moja ina laini mbili, ya Voda ya huku na ya Movitel ya kule, kwa sababu ukishuka bondeni mtandao wa huku unakata na wa kule unashika.

Sasa chukulia kijana wa Mahurunga mwenye simu ya namna hiyo. Amevuka mara nyingi kununua korosho za kangomba, yaani za magendo, na kwenye simu yake kuna namba za watu wa Mocímboa da Praia, mji ulikoanzia uasi wa Cabo Delgado. Siku ya msako anakamatwa. Laini ya Msumbiji ni ushahidi, namba zile ni ushahidi, na kushindwa kueleza alikuwa wapi wiki ile ni ushahidi. Huenda kweli alikuwa akiwapelekea chakula wauaji wa Kitaya, na huenda alikuwa akifanya magendo ya korosho tu, kosa ambalo lina adhabu yake hapa hapa nyumbani. Anayepaswa kutofautisha hayo mawili ni hakimu, akiwa amesikiliza upande wa Jamhuri na upande wa kijana. Polisi wa nchi mbili wakiwa mezani na orodha hawawezi kufanya kazi hiyo, hata wawe waadilifu kiasi gani.

Ushahidi kwamba orodha huwa na makosa tunao. Oktoba 2018 mahakama mjini Pemba, makao makuu ya Cabo Delgado, ilianza kusikiliza kesi ya washtakiwa 189 waliodaiwa kushiriki uasi ulioanza Mocímboa da Praia Oktoba 5, 2017. Miongoni mwao walikuwamo Watanzania. Hukumu ilipotolewa Aprili 2019, walioachiwa huru walikuwa wengi kuliko waliotiwa hatiani. Ni mahakama ya Msumbiji yenyewe iliyosema hivyo, katikati ya vita. Na hapa kwetu, masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa rumande miaka kadhaa kwa mashtaka ya ugaidi, hadi Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyafuta. Kama kukamatwa tu kungetosha kuwa ni hatia, watu wote hao wangekuwa wamekwisha.

Mheshimiwa, sheria tunayo. Sheria ya Kurejesha Wahalifu ya mwaka 1965 inataka mtu anayeombwa na nchi nyingine afikishwe kwa hakimu. Hakimu akiona ushahidi unatosha, anaamuru awekwe mahabusu kusubiri kukabidhiwa, na anamweleza kwamba hatakabidhiwa kabla ya siku 15 kupita, ili apate nafasi ya kwenda Mahakama Kuu kuupinga uamuzi huo. Sheria hiyo hairuhusu mtu kutolewa kwa kosa la kisiasa. Tazama mwaka ilipotungwa: risasi za kwanza za FRELIMO zilikuwa zimelia Chai, Cabo Delgado, Septemba 1964, na kwa Mreno kila mpiganaji aliyejificha upande wetu wa Ruvuma alikuwa mhalifu anayetafutwa. Taifa changa lilijua wazi kwamba serikali inaweza kumwita mtu gaidi kwa sababu zake. Mwalimu Nyerere mwenyewe, siku za uhuru mwaka 1961, aliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili aliyotufungia Mwingereza tungeiheshimu kwa miaka miwili tu, na baada ya hapo tungeamua wenyewe upi unaendelea na upi unakoma. Huo ulikuwa msimamo wa nchi inayosoma karatasi kabla ya kuifuata.

Wenzetu wa Msumbiji wameisoma yao. Ibara ya 67 ya Katiba yao ya mwaka 2004 inasema mtu hukabidhiwa kwa uamuzi wa mahakama tu. Hakabidhiwi kwa sababu za kisiasa. Hakabidhiwi kwa nchi ambako kosa lake lina adhabu ya kifo au kifungo cha maisha, wala kama kuna hofu ya mateso. Na raia wa Msumbiji hakabidhiwi kwa nchi nyingine kabisa. Sisi hatuna kinga kama hiyo kwa raia wetu: Mei 2017 tuliikabidhi Marekani Mtanzania aliyetuhumiwa kuhusika na heroini ya zaidi ya kilo 200 iliyokamatwa Lindi mwaka 2012. Silalamikii uamuzi huo. Ninachosema ni kwamba makabidhiano na Msumbiji, yakiachwa yalivyo, ni mlango unaofunguka upande mmoja. Sisi tunaweza kumtoa Mtanzania, wao Katiba inawazuia kumtoa Mmsumbiji.

Hebu tuipeleke hoja hiyo Kitaya. Tuseme kesho mmoja wa waliochoma nyumba za kijiji kile anakamatwa Palma. Akiwa raia wa Msumbiji, hatakuja kushtakiwa Mtwara. Akiwa Mtanzania, bado kuna kikwazo: kwa sheria yetu kosa la kuua kwa kukusudia lina adhabu moja tu ya lazima, kunyongwa, na Katiba ya Msumbiji inakataza kumtoa mtu kwa kosa la namna hiyo. Hatujamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, lakini sheria iko pale pale. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitamka Novemba 28, 2019 katika shauri la Ally Rajabu kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka Mkataba wa Afrika, na ikaiagiza Tanzania irekebishe sheria yake. Wajane wa Kitaya wanaosubiri kumwona muuaji kizimbani Mtwara wana kizuizi kimoja kilichojengwa Dodoma, na Wizara yako ndiyo yenye ufunguo.

Majirani wametuonyesha haraka inavyoishia. Mabomu ya Kampala ya Julai 11, 2010 yaliua watu zaidi ya 70. Kenya iliwavusha raia wake kadhaa kwenda Uganda bila kuwapitisha mahakamani, na Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema kitendo hicho kilikuwa kinyume cha sheria. Mawakili wakaanza kupinga uhalali wa kesi nzima kwa namna washtakiwa walivyofikishwa Uganda, na hukumu ikapatikana Mei 2016. Kati ya washtakiwa 13, watano hawakupatikana na hatia yoyote, baada ya kukaa gerezani karibu miaka sita. Waliokwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kulalamikia kuvushwa kwao waliambiwa na kitengo cha rufaa, mwaka 2013, kwamba wamechelewa, kwa kuwa muda wa kufungua shauri ni miezi miwili. Mtu aliyefichwa na kuvushwa usiku atahesabuje miezi miwili?

Mfano mwingine unamhusu Mzanzibari, Khalfan Khamis Mohamed. Alikamatwa Cape Town Oktoba 1999 kwa mashtaka ya kulipua ubalozi wa Marekani Dar es Salaam Agosti 7, 1998, mlipuko ulioua watu 11. Baada ya siku mbili tu alikuwa mikononi mwa Wamarekani. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema kumtoa bila kwanza kupata ahadi kwamba hatahukumiwa kifo ilikuwa kinyume cha Katiba, ikaagiza uamuzi huo upelekwe kwenye mahakama ya New York. Khalfan hakuachiwa, alifungwa maisha. Sheria ilifuatwa kwa kuchelewa, lakini waliokufa Dar es Salaam walipata haki, na Afrika Kusini ikapata kanuni inayomlinda kila mtu anayekanyaga ardhi yake.

Msumbiji nayo ina kisa cha karibuni zaidi. Waziri wake wa zamani wa fedha, Manuel Chang, alikamatwa Johannesburg Desemba 2018 kwa ombi la Marekani, kuhusu mikopo ya siri ya takriban dola bilioni 2 ambayo sehemu yake ilitajwa kuwa ya meli za kuvua jodari. Serikali yake ilimtaka arudi nyumbani. Asasi za kiraia za Msumbiji, zikiongozwa na Fórum de Monitoria do Orçamento, zilisimama mahakamani Afrika Kusini zikasema apelekwe Marekani. Ilichukua zaidi ya miaka minne hadi alipopandishwa ndege Julai 2023. Alitiwa hatiani Agosti 2024, na Januari 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka minane na nusu. Naam, miaka minne ni mingi. Lakini kila hatua ilikuwa hadharani, na wananchi wa kawaida, ambao ndio waliobebeshwa deni, walipata mahali pa kusimama wakasema wanataka nini.

Hata mataifa makubwa yaliyo marafiki wa damu yanavutana. Uingereza ilitia saini mkataba mpya na Marekani mwaka 2003, na tangu hapo Waingereza wengi wamelalamika kwamba mizani imeegemea upande mmoja. Mwaka 2019 mke wa mfanyakazi wa serikali ya Marekani aligonga na kumuua kijana wa miaka 19 karibu na kambi ya jeshi huko Uingereza, akaondoka nchini, na Januari 2020 Marekani ikakataa kumrudisha. Wazazi wa kijana walipiga kelele hadharani, bungeni na magazetini, mpaka mwanamke huyo akakiri kosa mbele ya mahakama ya London kwa njia ya video mwaka 2022. Walijua mkataba unasema nini, ndiyo maana walijua wadai nini.

Msumbiji imeendelea kutia saini mikataba kama hii na marafiki wengine. Mwaka 2022 ilisaini na Rwanda, ambayo wanajeshi wake wako Cabo Delgado tangu Julai 2021. Wakimbizi wa Kinyarwanda walioko Msumbiji wakaingiwa na hofu, kwani mwaka mmoja kabla, Mei 2021, mkosoaji wa serikali ya Kigali, Cassien Ntamuhanga, alichukuliwa kisiwani Inhaca akatoweka. Rafiki anayekusaidia vitani hana budi kuheshimiwa, lakini msaada wa vita hauwezi kulipwa kwa watu.

Najua jibu litakalotolewa. Maofisa wa usalama watasema magaidi hawangoji siku 15, kwamba kesi ya wazi inafichua vyanzo vya habari, na kwamba mashahidi wa Kitaya wataogopa. Hoja hizo ni za kweli na zina majibu yake. Mtu aliyeko mahabusu hatoroki kwa sababu hakimu anasikiliza ombi la kumkabidhi. Shahidi anaweza kulindwa na jina lake kufichwa kwa amri ya mahakama. Ofisa anayeamini ana ushahidi hana sababu ya kumwogopa hakimu wa Mtwara. Na kesi iliyojengwa kwa haraka ndiyo inayovunjika baadaye, kama Kampala walivyojionea.

Kuna jambo la wakimbizi pia. Baada ya Palma kushambuliwa Machi 24, 2021, maelfu walikimbilia mtoni. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema zaidi ya watu 9,600 walirudishwa Msumbiji kutoka Tanzania kati ya Januari na katikati ya mwaka huo, wengi wakipitishwa Negomano. Nchi iliyowahifadhi Wamsumbiji kwa miaka kumi ya vita vya ukombozi, tena kwa mikono miwili, haipaswi kuwachanganya mama mwenye mtoto mgongoni na mtuhumiwa wa ugaidi. Mkataba mzuri ungewatenganisha kwa maandishi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, tunaomba yafuatayo.

Mosi, makubaliano ya Novemba 2020 yachapishwe, na Bunge lipewe taarifa ya waliokabidhiwa chini yake: wangapi, kwa makosa gani, mbele ya mahakama ipi, na wako wapi sasa.

Pili, Serikali ijadiliane na Msumbiji mkataba kamili, ikitumia pia misingi ya Itifaki ya SADC ya mwaka 2002, kisha uletwe Bungeni uridhiwe kwa mujibu wa Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba yetu. Wabunge wetu wa Mtwara msikubali upite kwa ndiyo ya pamoja bila kusomwa.

Tatu, kila ombi lisikilizwe na hakimu katika mahakama iliyo karibu na alikokamatwa mtu, akiwa na wakili, na mkalimani wa Kimakonde, Kimwani au Kireno anapohitajika. Ndugu zake wajulishwe ndani ya siku chache, si miezi.

Nne, pale nchi moja inapokataa kumtoa raia wake, iwe na wajibu wa kumshtaki yenyewe, na mashahidi wa nchi nyingine wagharimiwe kwenda kutoa ushahidi. Kwa njia hiyo raia wa Msumbiji aliyeua Kitaya atahukumiwa hata kama ni Pemba.

Tano, adhabu ya kifo ya lazima irekebishwe kama ilivyoagizwa Arusha, na hadi hapo mkataba uweke ahadi ya maandishi kwamba anayeletwa Tanzania hatanyongwa.

Sita, anayeomba hifadhi asikabidhiwe kabla ombi lake halijaamuliwa.

Hatimaye, mkikusanya maoni, msikae kwenye kumbi za Dodoma na Dar es Salaam peke yake. Ofisi yako ipange kikao cha kwanza kifanyike Kitaya, chini ya miembe ya kijiji, baada ya mavuno ya mpunga watu wakiwa nyumbani. Waliozika ndugu zao pale ndio wenye haki ya kusema kwanza, na nina hakika watakuambia wanataka wauaji wahukumiwe, na wanataka wahukumiwe wale walioua kweli.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Mtwara Mikindani